Vibonzo na fumbo la ndagala: namna ya kumfikishia mwananchi utafiti

Katika jumba la mikutano la Kigobe, kaskazini mwa Bujumbura, ambamo Bunge la Taifa hukutana, mawaziri husimama mbele ya wabunge na kutaja takwimu za mavuno, za magonjwa na za fedha. Aghalabu takwimu hizo husomwa kwa Kirundi au Kifaransa. Mchuuzi wa samaki wa Buyenzi, ambaye Kiswahili ndiyo lugha yake ya nyumbani na ya sokoni, huzipata baadaye zikiwa vipandevipande, na mara nyingi bila ile sehemu anayoihitaji zaidi, yaani sababu. Kwamba ndagala wamepungua na bei imepanda, hilo analijua kuliko waziri. Asilolijua ni kwa nini.

Njia mojawapo ya kumweleza ni vibonzo: hadithi inayosimuliwa kwa picha zilizopangwa katika visanduku, kimoja baada ya kingine. Wengi huviona kuwa burudani ya watoto, au mzaha wa kisiasa magazetini. Nchini Kenya vimefanya kazi nyingine. Mwaka 2010 shirika la Well Told Story la Nairobi lilianzisha Shujaaz, jarida la vibonzo la bure lililoandikwa kwa Sheng, likasambazwa ndani ya gazeti la Daily Nation na katika vibanda vya M-Pesa. Mhusika wake mkuu, Boyie, ni kijana aliyemaliza shule akakosa kazi, naye hurusha matangazo ya redio kwa siri kutoka chumbani mwake. Ndani ya visa vyake yamepenyezwa maarifa ya kilimo, afya na utawala. Katika kisa kimoja vifaranga wanapakwa rangi kali ili mwewe asiwatambue kuwa ni mawindo. Msomaji hakuhubiriwa kulinda mifugo. Alionyeshwa jambo analoweza kulijaribu kesho yake. Visa hivyo vilisikika pia redioni, na mwaka 2012 Shujaaz ilipata tuzo ya kimataifa ya Emmy.

Tuje sasa kwenye ziwa letu, kwani hapa ndipo vibonzo vingetufaa zaidi. Mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Catherine O'Reilly walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wao kuhusu Tanganyika. Walieleza kwamba maji ya juu yamepata joto. Maji yenye joto ni mepesi, hivyo huelea juu ya maji baridi, na upepo hushindwa kuyachanganya kama zamani. Rutuba imelala vilindini, katika ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 1,400. Isipopanda juu, mwani mdogo usioonekana kwa macho hupungua. Wadudu wa majini wanaoula hupungua. Na ndagala wanaowategemea wadudu hao hupungua nao. Watafiti walikadiria kwamba uzalishaji wa mwani huenda umeshuka kwa asilimia 20 hivi, kiasi ambacho kingepunguza mavuno ya samaki kwa takriban asilimia 30.

Ukisomewa redioni, mnyororo huo hukatika sikioni kabla ya kufika mwisho. Ukichorwa, visanduku vinne vinautosha: jua, maji yaliyogawanyika matabaka mawili, mwani uliopungua, wavu mtupu. Msomaji aweza kurudi kwenye kisanduku cha pili mara tatu bila kumwonea mtu haya.

Lakini vibonzo navyo vina mtego wake. Hadithi hupenda mhalifu, na mchoraji mwenye haraka atamchora mvuvi na wavu wake wa matundu madogo, kisha atadhani kazi imekwisha. Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2016, ulisoma mabaki yaliyotulia katika tope la chini ya ziwa na kuonyesha kwamba samaki walianza kupungua kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara kuanza. Hilo halimtoi mvuvi lawamani kabisa, kwa kuwa uvuvi wa kupita kiasi huzidisha hasara. Tanzania ilipofunga uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, familia za pwani ziliombwa kukaa miezi mitatu bila kipato chao cha kawaida. Anayeombwa jambo zito namna hiyo anastahili kuonyeshwa sababu zote mbili, joto na nyavu, wala si ile inayochoreka kwa urahisi.

Tena picha si lugha inayoeleweka na kila mtu papo hapo. Wakufunzi wa afya husimulia kisa cha zamani cha wanakijiji walioonyeshwa picha ya mbu mkubwa mno, wakasema wameshukuru, kwao mbu wa ukubwa huo hawapo. Mwani uliokuzwa ungeleta balaa hilohilo. Kwa hiyo mchoro wa kwanza haufai kupelekwa moja kwa moja kwa mchapishaji. Upelekwe kwanza Rumonge, wakati mitumbwi inarudi asubuhi, ukiwa na maneno ya Kirundi na ya Kiswahili. Wavuvi waombwe kuisimulia hadithi kwa maneno yao wenyewe, na pale wanapokwama, mchoraji achukue kifutio.