Je, Wajua? Zimwi wa Ukambani ana jamaa Ulaya

Je, wajua kwamba John Mbiti, mwanatheolojia mashuhuri, alianza na hadithi? Mzaliwa huyu wa Mulango, Kitui (1931), alichapisha *Mutunga na Ngewa Yake* kwa Kikamba mwaka 1954, hata miaka 25 hajafika. Alikusanya ngano za Wakamba zipatazo 1,500, zile ambazo watoto wa Kitui na Makueni walisimuliwa usiku baada ya kula. Baadhi zikatoka kwa Kiingereza mwaka 1966 katika *Akamba Stories*.

Ulaya ilikuwa imefanya kazi hiyo hiyo katika karne ya 17. Mwitaliano Giambattista Basile aliandika ngano kwa lahaja ya kwao, Naples, akafariki 1632 kabla hazijachapwa. Dadake Adriana, mwimbaji aliyetajika, ndiye aliyehakikisha zimetoka, kati ya 1634 na 1636. Humo mna Sindarela, miaka 60 hivi kabla ya Mfaransa Charles Perrault (1697), ambaye ndiye anayebeba sifa zote hadi leo. Si haki, lakini ndivyo ilivyo.

Na zimwi mla watu? Yumo kwa Basile, yumo kwa Perrault, na Ukambani amejaa tele.