Sisimizi Weusi na Maji ya Udhu



Ndugu wasomaji, nyumba nyingi tulizokulia huko pwani zilijengwa kwa mawe na chokaa, na sakafu zake zilikuwa za saruji. Mtu alitawadha, maji yakamwagika, upepo ukayakausha, wala hapakuharibika kitu. Hapa katika jimbo la Washington wengi wetu tunaishi ndani ya mbao. Nguzo zilizofichwa ukutani ni mbao, na chini ya zulia au plastiki ya sakafuni ni mbao vilevile. Nililijua jambo hili kwa kulisikia tu; mwaka 2023 ndipo nilipolifahamu.

Usiku mmoja wa mwezi wa Februari mwaka huo, mama watoto aliona sisimizi weusi, wengine wapata urefu wa sentimita moja, wakipita ukingoni mwa sinki la bafuni. Tukawafagia. Baada ya wiki kadhaa wakatokea wenye mbawa dirishani, nasi tukasema ni kumbikumbi. Hatukumwambia mtu. Tuliona haya, wageni wasije wakasema nyumba yetu ni chafu, na mwenye nyumba asije akatutoa. Tukanunua dawa ya kupuliza na tukapuliza kila usiku kwa miezi miwili, huku watoto wakikohoa.

Kisha asubuhi moja nikakuta kando ya mlango wa bafu rundo dogo la unga wa mbao, kana kwamba fundi amepiga randa hapo, na ndani yake mna vipande vya miguu na vichwa vya wadudu. Nikaweka sikio ukutani. Nikasikia mchakacho mwembamba, kama karatasi ngumu inayokunjwa.

Wamarekani huwaita wadudu hawa sisimizi maseremala, na jina limewafaa. Hawali mbao kama mchwa; huichimba tu wapate vyumba vya kuishi, na ule unga ndio takataka wanayoitupa nje. Njia zao ni laini kana kwamba zimepigwa msasa, ilhali za mchwa zina udongo. Hata wenye mbawa hutambulikana: sisimizi ana kiuno chembamba, vipapasio vilivyopinda kama kiwiko, na mbawa za mbele ni ndefu kuliko za nyuma. Kumbikumbi kiuno chake ni kinene, na mbawa zake zote nne ni sawa.

Mara nyingi malkia na mayai yake wamo nje, katika kisiki au gogo lililooza, kwa kuwa mayai huhitaji unyevu. Kundi likikua huleta tawi lake ndani ya nyumba pamoja na mabuu, na hupenda zaidi mbao iliyolowa. Yetu ililowa kwa nini? Kwa udhu, ndugu zangu. Watu sita, mara tano kwa siku, kila mmoja akinyanyua mguu juu ya sinki, na maji ya kopo la chooni yakichuruzika pembeni. Maji yalipenya kwenye ufa mdogo, yakakaa chini ya plastiki kwa miaka. Hatukuwa wachafu, tulikuwa tukijitwaharisha!

Dawa ya kupuliza huwaua wale wapitao tu, na kiota hubaki salama. Afadhali kuwafuata baada ya jua kutua, kwani hutembea zaidi usiku. Weka asali kidogo juu ya kipande cha karatasi, funika tochi kwa karatasi nyekundu ya kupenyeza nuru, maana nuru nyekundu hawaioni vizuri, kisha tazama wanaingia wapi. Chambo cha sukari iliyochanganywa na boraksi huuawa nacho polepole, nao hukipeleka kiotani. Usipulize dawa karibu nacho wasije wakakikimbia, na kiwe mbali kabisa na watoto. Kiota kilicho ndani ya ukuta aachiwe fundi mwenye leseni. Nje, kata matawi yanayogusa nyumba, na kuni zisiegemezwe ukutani.

Wako waliouliza juu ya kuwaua, na swali lao ni la haki. Katika Sunan Abi Daud imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza kuuawa sisimizi, pamoja na nyuki na ndege wawili. Wanavyuoni wameruhusu kumwondoa mwenye kudhuru ikikosekana njia nyepesi, lakini si kwa moto. Basi kuikausha mbao ndiyo njia ya kutanguliza, na ndiyo inayowazuia wasirudi.

Kwa wapangaji wa fleti, sheria ya Washington humtaka mwenye nyumba adhibiti wadudu muda wote wa upangaji, isipokuwa mpangaji ndiye aliyewasababisha. Kwa nyumba ya familia moja, wajibu huo ni mwanzoni mwa upangaji tu. Andika barua yenye tarehe, ubaki na nakala. Uvujaji wa maji nao uandikiwe siku ile ile uuonapo.

Mimi niliandika mwezi wa Mei. Fundi alipoifumua sakafu, mbao ilimenyeka kwa kidole kama muhogo uliochemka. Sasa tunatia miguu katika beseni pana lililowekwa ndani ya hodhi la kuogea, na kitambaa cha kupangusia kinaning'inia mlangoni. Mwenye nyumba hakututoa. Aliuliza neno moja tu: mbona hamkuniambia Februari?