Nani Aliyewafanya Wasijulikane?

Anayeuawa porini, katikati ya mapigano, anaweza kupotea yeye na jina lake. Anayefia hospitalini si hivyo. Huyo amepokelewa, ameandikwa, amelazwa, na akikata roho kuna mtu wa kuamuru kaburi lichimbwe. Ndiyo maana makaburi yasiyo na majina yaliyobaki karibu na hospitali za kijeshi za Afrika Mashariki, tangu Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, hayaelezeki kwa kusingizia ghasia za vita tu. Nashikilia kwamba wengi wa waliozikwa humo walijulikana siku walipokufa. Kutojulikana kwao kulikuja baadaye, kwa uamuzi wa wenye mamlaka.

Waingereza walipoiteka Dar es Salaam, Septemba 1916, mji uligeuka bandari kuu ya kushushia mahitaji ya jeshi na kusafirishia wagonjwa na majeruhi. Mbung'o walikuwa wamemaliza wanyama wa mizigo, barabara hazipitiki, basi mzigo ukarudi kichwani kwa mtu. Upande wa Waingereza peke yake ulitumia wapagazi na vibarua wanaokadiriwa kufika milioni moja, na karibu laki moja hawakurudi makwao. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia, na posho ya unga usioiva iliyowaharibu matumbo watu waliolelewa kwa vyakula vingine kabisa. Magonjwa haya humlaza mtu siku kadhaa kabla ya kumuua. Tena mpagazi alipewa kibati chenye namba, na namba hiyo ilikuwa na jina lake daftarini ili ujira wake uhesabiwe. Vita vilipokwisha, serikali ilibaki na fedha nyingi za marehemu ambazo hazikuwafikia jamaa zao. Huwezi kumkadiria mtu ujira wake kama hukuwahi kumwandika.

Tume ya Makaburi ya Vita ya Dola ya Uingereza iliundwa mwaka 1917 kwa ahadi ya kumkumbuka kila marehemu kwa jina, bila kubagua cheo, rangi wala dini. Tanganyika ahadi hiyo ilivunjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 watawala waliona heri makaburi makubwa ya wapagazi, Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudie kuwa pori upesi. Lakini mwaka 1968, makaburi 660 ya vita hivyo hivyo yaliyokuwa Ocean Road, Dar es Salaam, yalipotakiwa kupisha barabara, yalihamishiwa kwenye eneo jipya. Uwezo wa kuyatunza makaburi ulikuwepo, kwa yale yaliyohesabiwa kuwa yanastahili.

Watawala wa kikoloni walijitetea kwamba Mwafrika hajui thamani ya jiwe la kaburi. Makaburi ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki, huko Kaole, Kunduchi na Gedi, yanawasuta: Gedi lipo kaburi lililochongwa tarehe inayolingana na mwaka 1399. Wengine husema sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inatosha. Sanamu ile ni heshima ya kweli, lakini haimtaji hata marehemu mmoja, na mjane hawezi kumtafuta mumewe hapo. Pingamizi lenye uzito ni kwamba daftari nyingi zimepotea, na majina yaliandikwa ovyo. Ni kweli. Hata hivyo, mwaka 2021 Tume yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Januari 2025 ukafunguliwa ukumbusho Cape Town wenye majina zaidi ya 1,700 ya vibarua wa Afrika Kusini waliofia vita hivyo barani Afrika, majina yaliyokuwa yamekaa kwenye kumbukumbu karne nzima. Huku kwetu kazi ianzie kwenye daftari za mishahara zilizosalia, na wazisome wenye lugha zao, kwa sababu jina lililoharibiwa na karani wa mwaka 1917, Mnyamwezi au Mkamba akilisoma leo anaweza bado kulitambua.