Upelekaji wa Msimbo wa Seva kwa Njia ya Otomatiki: Ufafanuzi kwa Mfano wa Malipo ya Korosho Masasi na Newala

1.0 Utangulizi

Wakulima wa korosho wa Masasi, Newala na Tandahimba huuza mazao yao kupitia vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS) vilivyo chini ya vyama vikuu, yaani MAMCU kwa upande wa Masasi na TANECU kwa upande wa Newala na Tandahimba. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika kwa korosho katika msimu wa 2007/2008. Katika msimu wa 2024/2025, minada ilifanyika kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Kadiri hesabu za kilo, bei na makato zinavyohamia kwenye kompyuta, ndivyo kosa la msimbo linavyoweza kupunguza fedha za mkulima. Makala haya yanafafanua namna msimbo wa seva unavyopelekwa kwa njia ya otomatiki, na yanashikilia kuwa faida kuu ya njia hiyo ni uthibitisho kuliko kasi.

2.0 Udhaifu wa kupeleka kwa mkono

Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya biashara ya hisa ya Knight Capital nchini Marekani ilipoteza zaidi ya dola milioni 400 katika muda wa dakika 45 hivi. Msimbo mpya ulikuwa umenakiliwa kwenye seva saba kati ya nane. Ile ya nane ilibaki na msimbo wa zamani, ambao uliamka na kutuma maagizo yasiyokusudiwa. Kiini cha tukio hilo ni utaratibu uliotegemea kumbukumbu ya mtu, bila kitu kingine cha kuhakiki kazi yake.

3.0 Hatua za mtiririko

Mtunzi wa programu huwasilisha badiliko kwenye hazina ya msimbo inayosimamiwa na Git. Zana kama Jenkins au GitHub Actions hutambua badiliko hilo na kutekeleza hatua zifuatazo kwa mpangilio:

(a) kujenga programu upya katika mazingira safi;
(b) kuendesha majaribio yote;
(c) kuipeleka programu kwenye seva ya majaribio;
(d) baada ya idhini, kuipeleka kwenye seva zote zinazotumika, kisha kukagua iwapo zinajibu ipasavyo.

Hatua moja ikishindwa, zinazofuata hazifanyiki. Aidha, kwa kuwa ujenzi hufanyika kwenye seva ya mbali, mtunzi aliye mahali penye intaneti hafifu hutuma mabadiliko aliyoyafanya tu.

4.0 Mfano wa jaribio

Tuchukue mfano wa kubuni. Mkulima ana kilo 250, bei ni shilingi 3,000 kwa kilo, na makato ni shilingi 100 kwa kilo. Malipo sahihi ni 750,000 kutoa 25,000, yaani shilingi 725,000. Iwapo badiliko jipya litakata makato mara mbili, programu itatoa 700,000. Jaribio litakataa jibu hilo, na msimbo hautafika kwenye seva ya malipo.

5.0 Mipaka

Mtiririko huhakiki yale tu ulioelekezwa kuhakiki. Ikiwa hakuna aliyeandika jaribio la makato, kosa litapita. Kwa hiyo karani wa chama na mkulima, ambao ndio wanaozijua hesabu za mizani, hawana budi kushirikishwa katika kutunga majaribio.

Pia, kurudisha msimbo wa awali hakurudishi fedha zilizokwisha kulipwa wala kumbukumbu zilizobadilishwa kwenye kanzidata. Ni lazima nakala ya kanzidata ihifadhiwe kabla ya kila badiliko, na idhini ya mwisho isitolewe siku za mnada au za malipo.

6.0 Hitimisho

Otomatiki haimwondolei mtunzi wajibu wake. Huuhamisha wajibu huo kutoka kwenye kukumbuka hatua hadi kwenye kuandika majaribio. Mkulima hauoni msimbo, lakini huziona shilingi anazopokea. Ubora wa mtiririko upimwe kwa usahihi wa shilingi hizo.