Kagua Gari Kabla ya Kupakia Viazi

Mkulima mwema hakamui ng'ombe kabla ya kuosha kiwele na kutazama matone ya kwanza ya maziwa. Akiona mabonge, hujua kuna ugonjwa, naye huanza kutibu mapema. Gari nalo huonyesha dalili kabla ya kuleta msiba.

Ninyi wakulima wa upande wa Molo mnaopeleka viazi Nakuru mnaujua mteremko mrefu wa Sachangwan mpaka Salgaa. Watu wengi wamekufa hapo. Gari lenye mzigo likishuka, breki hupata moto sana. Tena mafuta ya breki hunyonya maji ya hewani kidogo kidogo. Yakiwa ya zamani, hutokota na kufanya mapovu, na dereva akikanyaga, pedali huzama bila kushika. Lakini shambani gari hilo hilo lilikuwa likisimama vizuri! Basi mwambie fundi ayabadilishe kila miaka 2, hata kama hayajapungua.

Kila asubuhi, kabla ya kupakia gunia la kwanza, fanya haya:

1. Tazama chupa ya mafuta ya breki. Yakipungua, usiongeze tu ukaenda zako. Huenda yanavuja, au breki zimelika. Mwite fundi.

2. Washa injini, ukanyage breki kwa nguvu, uhesabu mpaka 20. Pedali ikizidi kuzama, gari lisitoke.

3. Pima upepo tairi zikiwa baridi. Tairi yenye upepo mchache hujikunja, hupata moto, na mwisho hupasuka. Tazama pia kama zina nyufa, na kama kuna jiwe lililokwama kati ya tairi mbili za nyuma za lori.

4. Kaza nati za magurudumu, na ujaribu taa zote. Trela isiyo na taa za nyuma haionekani jioni.

5. Ukitumia trekta, funga pamoja pedali zake mbili za breki kabla ya kuingia barabarani. Shambani huachwa mbalimbali ili kusaidia kukata kona. Barabarani, ukikanyaga moja tu, trekta laweza kupinduka.

Dereva naye aingize gia ya chini kabla mteremko haujaanza, ili injini isaidie kuzuia gari. Asitoe gia wala kuzima injini ili kuokoa mafuta, kwa maana breki zitabeba kazi yote peke yake.

Bwana mkulima, nawe mama mwenye shamba, dereva wako mara nyingi ni mtoto wako au jirani, na huona haya kukataa safari. Akikuambia breki ni laini, mshukuru, kisha ushushe mzigo. Viazi vyaweza kungoja mpaka kesho. Mtu aliyekufa hatarudi.