Bolti ya Oili Imekufa Thredi? Uliza Haya Kabla ya Kutuma Pesa

Picha hii wanaboda wengi wanaijua. Ni asubuhi, umepeleka pikipiki kubadilisha oili. Fundi anamwaga ile chafu, anarudisha bolti ya chini ya injini na kuanza kukaza. Spana inazunguka, inazunguka, lakini haishiki. Anainua macho: "Boss, thredi imekufa. Tuma pesa nikanunue vitu, saa moja tu utakuwa stejini."

Hapo wengi wetu hutoa simu mara moja. Pikipiki ikilala, kuna abiria anapanda ya mwingine. Lakini tunakuomba uvute pumzi kwanza. Huduma ya kurudishiwa pesa ipo kwa ajili ya aliyekosea namba. Haikuwekwa kwa kazi iliyofanywa vibaya. Ukishamlipa fundi, mazungumzo ni kati yako na yeye. Kwa hivyo ni vizuri ujue unalipia nini.

Thredi hufa vipi?

Thredi ni ile mistari ya kuzunguka inayofanya bolti ishikane na tundu. Bolti ni ya chuma kigumu, lakini ganda la injini ya pikipiki nyingi ni la aluminiamu, ambayo ni laini zaidi. Mtu akikaza kupita kiasi, au akiingiza bolti ikiwa imepinda, aluminiamu ndiyo inayoumia.

Angalia bolti yenyewe. Ukiona vipande vya rangi ya fedha vimenasa kwenye meno yake, hiyo ni thredi ya tundu imetoka nayo. Huenda fundi wa leo ndiye aliyekaza sana, au tundu lilikuwa limechoka tangu zamani. Zungumzeni hapo hapo nani atagharamia nini, kabla kazi haijaanza.

Swali la kwanza: utatumia njia gani?

Kuna njia nne za kweli, na bei hupanda kadiri unavyoteremka.

1. Kusafisha thredi. Kama mistari imeumia kidogo tu, fundi hupitisha tapu ya saizi ile ile na bolti ikashika tena. Kama mistari imeisha kabisa, njia hii haisaidii.

2. Kupanua tundu na kuweka bolti kubwa. Ni kazi ya haraka, lakini ukuta wa aluminiamu unabaki mwembamba, na bolti ya kawaida ya dukani haitaingia tena. Ukikubali, andika saizi mpya kwenye simu yako.

3. Kuweka koili. Tundu linatobolewa kidogo, linachongwa kwa tapu maalum, kisha koili ya chuma kisichoshika kutu inaingizwa ndani. Bolti yako ya saizi ya zamani inarudi pale pale. Ikifanywa vizuri, thredi ya chuma huvumilia kufunguliwa mara nyingi kuliko ile ya aluminiamu.

4. Kuchomelea tundu na kulitoboa upya, au kubadilisha ganda. Hii ni ya mwisho, hasa ganda likiwa limepasuka. Kubadilisha ganda humaanisha kufungua injini yote.

Ukisikia gundi au ile tepu nyeupe ya mafundi wa mabomba, kataa. Injini hupata moto na hutetemeka. Bolti ikidondoka njiani, oili inamwagika, injini inaweza kukwama, na tairi la nyuma likigusa oili mnaanguka wewe na abiria wako.

Swali la pili: vumbi la chuma litaenda wapi?

Kutoboa huacha vipande vidogo, na vikibaki ndani vitakwaruza injini. Fundi makini hupaka drili na tapu grisi ili vipande vinase humo, anatoboa polepole huku akifuta, kisha anamwaga oili kidogo ya kusuuza kabla ya kufunga. Oili hiyo ya kusuuza haitumiki tena. Tundu pia lazima liwe wima. Likipinda, kichwa cha bolti hakitakaa sawasawa na oili itavuja hata ukikaza vipi.

Swali la tatu: tutajuaje imeshika?

Weka oili mpya na ringi mpya ya kuziba chini ya kichwa cha bolti. Washa injini dakika chache ipate moto, zima, futa pale chini pakauke, kisha weka karatasi kavu. Subirini kidogo. Karatasi ikibaki safi, kazi imepita jaribio la kwanza. Angalia tena kesho asubuhi kabla ya kutoka.

Sasa tuje kwa malipo

Tunapendekeza ulipe mara mbili. Tuseme mmekubaliana shilingi 2,500, na kati ya hizo vifaa ni 900. Tuma 900 kwanza, ikiwezekana moja kwa moja kwa till ya duka la spea. Zile 1,600 za kazi tuma baada ya jaribio la karatasi. Fundi mzuri hatakasirika, kwa sababu naye analindwa: anajua pesa ya vifaa haitoki mfukoni mwake.

Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye simu. Kama si la fundi wala la gereji, uliza ni la nani. PIN iweke mwenyewe, hata kama mikono yako ina oili na fundi amejitolea kukusaidia.

Usifute ujumbe wa malipo. Mtumie fundi ujumbe mfupi pia: "Nimelipa kazi ya koili kwa bolti ya oili, ikivuja nitarudi." Akijibu "sawa", mna makubaliano ya maandishi. Mara nyingi hayo yanatosha kumaliza ubishi. Yasipotosha, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na utahitaji ushahidi.

Ili usirudi hapo tena

Siku nyingine ya kubadilisha oili, mwambie fundi aanze bolti kwa vidole, mizunguko kadhaa, kabla ya kushika spana. Ikikataa, aitoe na kuianza upya. Ringi ya kuziba ibadilishwe, na kukaza kufuate kipimo cha kitabu cha pikipiki, si nguvu za mkono. Hayo hayaongezi bili yako hata kidogo, ila bei ya ringi.