Breki mkononi, Kitengela hadi Kajiado

"Mzee, shika shingo."

Kwa miaka minne, siku yangu ya kazi ilianza kwa maneno hayo katika steji ya Kitengela. Makanga aliinama, akapitisha mkono mmoja chini ya mapaja yangu na mwingine mgongoni, akaninyanyua kutoka kwenye kiti cha magurudumu na kuniingiza ndani ya matatu huku abiria wakisogeza magoti. Wengi walinibeba kwa upole. Mmoja, kijana mrefu wa shati la maruni, alikuwa akininyoosha hata suruali baada ya kunikalisha, ili miguu isikae upogo. Kiti kilikunjwa, kikasukumwa nyuma ya gari, nami nikalipa nauli ya watu wawili.

Nauli niliizoea. Kubebwa sikukuzoea hata siku moja. Mimi ni mwalimu, nafundisha Kajiado mjini, na katika matatu hiyohiyo walipanda wanafunzi wangu. Walitazama dirishani kwa heshima ninapobebwa, na ile heshima yao ndiyo iliyonichoma zaidi. Halafu kulikuwa na asubuhi za mvua, ambapo udongo mweusi wa mitaa yetu hunata kwenye magurudumu kama ugali mbichi. Nikifika steji nimechafuka hadi viwiko, magari matatu au manne yananipita kwa sababu kunipakia kunachelewesha safari.

Sheria hazijatusahau. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilitaka magari ya uchukuzi wa umma yarekebishwe yatufae. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inatupa haki ya kufikia kila mahali na kutumia usafiri wa umma. Mei 2025 sheria ile ya 2003 ilipisha nyingine mpya. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya wapatao 900,000 wenye ulemavu, na shida iliyotajwa na wengi kuliko zote ilikuwa ya kutembea. Lakini mimi, katika steji yetu, sijawahi kuona matatu hata moja yenye kipandio cha kuingiza kiti cha magurudumu. Ndipo nikaamua kurudi kwenye usukani.

Nasema kurudi kwa sababu nilikuwa dereva kabla gurudumu la mbele halijapasuka karibu na Isinya na uti wa mgongo ukavunjika. Gari lile lilikuwa la gia za kawaida. Hata kama lingepona, lisingenifaa tena, kwani halina nafasi kwa mtu asiye na mguu wa kukanyagia klachi.

Wengi huniuliza kwanza kuhusu ushuru, kwa hiyo niliseme hilo. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inamruhusu mtu mwenye ulemavu kuingiza gari moja lililotengenezewa matumizi yake bila kulipa ushuru, na msamaha huo hutolewa mara moja kwa miaka minne. Unahitaji kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kuwa na ripoti ya daktari, na kupata idhini ya Mamlaka ya Ushuru, KRA. Gari lenyewe lisiwe limepita miaka minane, na usukani uwe kulia, kama ilivyo kwa kila mwagizaji. Ni msaada mkubwa, sikatai. Lakini unamfaa aliye na bei ya gari na nauli ya meli mkononi. Mimi nilichukua mkopo wa sacco, wenzangu watatu wakanidhamini. Mama muuza mboga wa mtaani kwetu, ambaye naye hutumia kiti, hana wa kumdhamini, na msamaha huo kwake ni karatasi tu.

Jambo ambalo hakuna aliyenieleza mapema ni hili: magari mengi ya Japani yanayotajwa kuwa ya walemavu ni ya kumbebea mlemavu. Toyota huyaita Welcab, na utayapata katika Noah, Sienta na hata Hiace. Mengine sehemu ya nyuma hushuka, ubao ukafunguka, kiti kikasukumwa ndani. Mengine kiti cha abiria huzunguka kikatoka nje ya mlango kumpokea mzee. Japani ni nchi ya wazee wengi, na magari haya hutengenezwa ili watoto na wahudumu wawapeleke kliniki. Muuzaji mmoja aliniingiza katika Noah ya namna hiyo akiwa na furaha kubwa. "Hii ndiyo yako, mwalimu." Alinifunga kwa mikanda minne, kazi safi kabisa. Nikainua macho, mbele yangu nikaona kisogo cha dereva. Nilimshukuru, nikamwomba anishushe.

Nilichohitaji ni gari dogo la otomatiki lenye liva ya mkono, na tulingoja miezi saba hadi likatokea mnadani. Liva hiyo hukaa kushoto kwa dereva, imeshikana na vikanyagio kwa vyuma chini ya dashibodi. Ukiisukuma mbele, breki inashika. Ukiivuta kwako, unaongeza mafuta. Mkono wa kulia unabaki na usukani, na juu ya usukani kuna kirungu kinachozunguka, ukubwa wa limau, ili mkono mmoja utoshe kukata kona. Nilipokishika mara ya kwanza bandarini Mombasa, plastiki yake ilikuwa imelainika upande mmoja. Kuna mtu huko Japani aliyekishika miaka mingi kabla yangu.

Fundi wangu wa Kitengela aliongeza kitu kimoja tu, bati la kufunika vikanyagio. Miguu yangu haisikii, lakini misuli hukaza ghafla na kurusha teke bila ruhusa yangu, na teke moja kwenye kikanyagio cha mafuta karibu na lori la saruji linatosha. Nimeona pia liva zinazochomelewa kwa mabomba ya fremu za dirisha. Nawaomba ndugu zangu wasipande magari hayo. Breki ya mkono inasukumwa kwa nguvu yote ya bega, na bomba jembamba linapinda siku ileile unayolihitaji.

Leseni nayo ina daraja lake, F, la watu wenye ulemavu. Shida ilikuwa mazoezi, kwani sikupata shule ya udereva yenye gari la kuendeshwa kwa mikono. Nikajifunza mwenyewe alfajiri, uwandani nje ya mji, mke wangu akiwa pembeni amekamata breki ya kuegeshea kwa mikono miwili. Mwili husahau polepole. Wiki mbili nzima, kila ng'ombe alipokatiza mbele, akili yangu iliagiza mguu wa kulia kwanza, halafu ndiyo ikakumbuka mkono.

Kupanda garini sasa kunanichukua dakika nne. Naegesha kiti kiupande, nafunga breki zake, naweka ubao wa kutelezea, nateleza, kisha nainua miguu mmoja baada ya mwingine kwa kushika suruali. Nang'oa magurudumu ya kiti, nayatupa nyuma, na fremu naivusha kifuani hadi kiti cha abiria. Kabla ya kuondoka napapasa sakafu kwa kiganja, maana joto linaweza kuunguza nyayo zangu nisijue hadi jioni.

Siku ya kwanza niliishika barabara ya Namanga saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ni barabara ileile aliyoishika Zack Kimotho mwaka 2012. Alikuwa amepooza baada ya kupigwa risasi na wezi wa magari, akatoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu akielekea Afrika Kusini, zaidi ya kilomita 4,000, kuchangisha shilingi milioni 250 za kujenga hospitali ya majeraha ya uti wa mgongo. Wakati ule nilikuwa nasimama, nikamsoma gazetini na kutoa mchango wangu kwa simu. Asubuhi hiyo niliuona kwa mikono ule mwinuko kabla ya Isinya ambao zamani miguu haikuujua.

Kwenye kituo cha mafuta sikuhitaji kushuka, mhudumu alijaza nami nikalipa kwa M-Pesa. Polisi wa kizuizi cha barabarani aliniamuru nitoke nje ya gari. Nikamwonyesha fremu iliyo pembeni yangu. Akaitazama liva, akauliza inavyofanya kazi, nikamsukumia mbele na kuivuta nyuma mara tatu. "Endelea, mzee," akasema, akasimamisha lori ili nitoke.

Kajiado nilifika kabla ya kengele. Mlinzi wa lango alikuja mbio akinyoosha mikono kunipokea, nikamwambia asimame hapo hapo, aangalie tu. Alisimama dakika zote nne.

Jioni foleni ilinikwamisha mbele ya steji yetu. Kijana wa shati la maruni alikuwa akiita abiria. Alinitazama, akatazama kiti cha abiria, akanitazama tena. Hakusema neno. Gari la mbele liliposogea, aligonga bodi ya gari langu mara mbili kwa kiganja, kama afanyavyo matatu ikijaa, nikavuta liva nikaondoka.